Wadogo Zangu Wawili na Kombe la Vijiji

Kinyangiri, Iramba.
Jumapili, 9 Oktoba 1955.

Mpendwa mjomba Stefano,

Shikamoo. Mimi mpwa wako Raheli nakusalimu kwa heshima, na Mama Rahabu naye namwamkia, shikamoo mama. Je, kifua chako kimepona? Mara ya mwisho uliandika kwamba moshi wa karakana ya reli unakukohoza, na tangu siku hiyo mama kila akiwasha moto huniuliza kama umeacha kukohoa, kana kwamba mimi nakusikia kutoka huku. Na Rahabu hajambo? Ameanza shule, au bado mnamwonea huruma kumtoa nyumbani?

Sisi huku tupo. Mvua bado, ila wakati wake haujapita, na watu wameanza kufyeka mashamba. Uwele wa mwaka huu ulitosha, ghala si tupu. Ng'ombe wako wote wawili wazima, na yule mweusi amezaa ndama jike. Baba hana ugonjwa. Mama anaamka, anapika, anakwenda kisimani, anarudi, analala. Zaidi ya hapo sitaki kukudanganya, mjomba.

Anayekupa barua hii mkononi ni mdogo wangu Manase mwenyewe. Ulimwacha anachunga ndama. Sasa akiingia ndani ya tembe yetu lazima ainame. Naomba mpe maji, mkalishe, na leo usimwulize neno. Bahasha sikuibandika. Alinikuta naandika, nikamwambia kwamba nakueleza yote, akasema sawa. Kama ataisoma njiani, ni haki yake.

Simu ya maandishi tuliyokupelekea mwezi wa Julai ilikuwa na maneno machache: Filipo amefariki mpirani, tumezika. Ulijibu ukauliza, mtoto anakufaje kwenye mpira wa watoto? Miezi yote hii nimeshika kalamu nikaiweka. Mama alisema usiandike mpaka mkono wako utulie. Basi nadhani umetulia.

Wewe uliondoka reli ilipong'olewa, kwa hiyo mashindano ya vijiji hukuyaona. Uwanja uko pale pale ilipokuwa stesheni, kwa sababu ndipo mahali pekee palipo tambarare bila mawe. Walimu wa shule zetu za vijiji ndio walioyaanzisha, wakapata kombe dogo la bati jeupe, na kila kijiji kikatoa wavulana wake. Na kwa kuwa watoto wengi wa huku mwaka wao wa kuzaliwa haujulikani, walimu walifanya jambo la akili. Walifunga ufito mlangoni mwa darasa, kimo kimoja kila kijiji. Mvulana anayepita chini yake wima anacheza. Anayegonga kichwa anakaa nje na watu wazima.

Mjomba, yalikuwa mashindano mazuri. Mwaka wa kwanza walichukua Nduguti, mwaka wa pili sisi, uliofuata wakachukua watu wa bondeni ambao hata jezi hawakuwa nazo. Hakuna aliyeweza kusema mapema nani atashinda, na ndiyo maana watu walitoka mbali, wanawake wakiwa na michembe ya viazi vilivyokaushwa kwenye kanga, wazee wakiwa na vigoda vyao. Mwalimu wetu Gasto alikuwa na sheria yake: mtoto aliyekuja mazoezini wiki nzima lazima aingie uwanjani, hata kama ni mbovu. Wazazi walimnung'unikia. Lakini ni hao wabovu wa mwaka huu waliokuwa wazuri wa mwaka ujao, Manase akiwa mmoja wao. Alianza akianguka kila akipiga mpira.

Katika mashindano hayo ilikuwemo pia ile shule kubwa ya bweni iliyo ng'ambo ya mlima. Jina lake silitaji, huku tunaiita Bweni tu. Zamani walifungwa na kufunga kama wengine. Kisha akaja mwalimu mpya wa michezo, anaitwa Antipasi, mtu wa mbali. Usimfikirie kuwa ni mtu wa kufoka. Sauti yake ni ya upole na anawaamkia wazee vizuri. Jumamosi alikuwa anapanda baiskeli yake, anatazama mechi za vijiji akiwa amesimama peke yake kwenye kona, na baada ya siku chache unamwona yupo nyumbani kwa mtoto aliyecheza vizuri.

Kwetu alikuja mwaka juzi, mwaka wa njaa. Unakumbuka tulivyokuandikia. Tulikuwa tunachemsha majani ambayo mama mwenyewe alikuwa hayajui vizuri. Mwalimu Antipasi alikaa na baba chini ya paa la zizi, akamweleza kwamba Bweni watoto wanakula asubuhi, mchana na jioni, kwamba Manase atafika darasa la nane, na kwamba atavaa viatu. Baba akauliza kama anatakiwa kuleta chochote. Yule mwalimu akamjibu, "Lete miguu yake tu, mzee." Baba alicheka. Sote tulicheka. Mtoto angetoka penye njaa akaenda penye chakula, ungekataa?

Na hatukuwa peke yetu. Nduguti walitoa wawili, bondeni wakatoa watatu. Alichukuliwa mpaka kipa mmoja kutoka Ihanja huko, Leonidas, mtoto aliyesifiwa sana. Manase alinieleza kwamba huyo Leonidas tangu afike hajawahi kusimama golini siku ya mechi hata moja. Bweni walikuwa na makipa wawili mbele yake. Walimchukua ili asidakie wengine. Siku za mechi alikuwa anabaki kulima shamba la shule, na alipojaribiwa tena baada ya mwaka mikono yake ilikuwa imesahau.

Halafu ufito nao ukaondolewa. Katika mkutano wa kamati ya mashindano Mwalimu Antipasi alisema kwamba watoto wa Bweni wanarefuka kwa sababu wanakula, na si vizuri kumwadhibu mtoto kwa kushiba. Wajumbe wakaona maneno yana maana. Tangu siku hiyo ukiona mechi ya Bweni unaona vijana wanaoota ndevu wakikimbizana na watoto wanaochunga ndama. Tisa bila. Kumi na moja bila. Watu wakaanza kubaki nyumbani, kwani nani atembee toka asubuhi kwenda kuona jambo analolijua tayari?

Mwalimu Gasto alikwenda kwenye kamati kulalamika. Walimwambia afundishe vizuri zaidi. Alirudi amechoka, akakaa pale kwetu, akaniambia, "Raheli, niliowafundisha ndio wanaonifunga. Nifundishe tena, ili iweje?" Lakini Jumatatu alikuwa uwanjani na watoto wale waliobaki, akiwaonyesha jinsi ya kupiga pasi.

Manase alipokuja likizo alikuwa amenenepa na ana viatu. Mdogo wake Filipo alimfuata kama kivuli. Walijifunga mpira wa matambara wakacheza uani tangu wanatoka kuswaga ng'ombe mpaka mama awafukuze. Manase alimfundisha kila kitu alichokuwa nacho, namna anavyoinamisha bega kulia kisha anatoka kushoto, namna ya kuuficha mpira kwa mwili. Filipo alikuwa mdogo, tumbo lake limetokeza upande kama watoto wengi wa huku wanaougua homa mara kwa mara, lakini alikuwa na macho. Jambo ukimwonyesha mara moja halimponyoki.

Katika likizo hiyo ndipo nilipogundua lingine. Nilimpa Manase barua yako aisome, akawa anavuta maneno kama mtoto wa darasa la pili. Nikamwuliza yuko darasa la ngapi. Akasema la tano, tena. Mwaka uliopita walimrudisha, na mwaka huo pia wamemwambia atarudia. Si kwamba ni mjinga, mjomba. Akimaliza la nane anaondoka, na sentafowadi hawataki aondoke. Vipindi vya mchana alikuwa anatolewa darasani kwenda mazoezini. Nilimwambia baba. Baba alisema tusubiri, mtoto anakula.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa Jumamosi, hapa hapa stesheni, sisi na Bweni. Vijiji viwili tayari vilikuwa vimeacha kupeleka timu. Mwalimu Gasto alisema sisi tutacheza, kwa sababu watoto wakizoea kukimbia hawatajua kusimama. Wakubwa hawakutosha, akajaza na wadogo. Nilikuwepo alipowapanga, nimewapelekea maji. Akauliza nani atamkaba Manase. Wote wakatazama chini.

Filipo akasema, "Nitamkaba mimi. Namjua."

Mwalimu akamwambia yeye ni mdogo mno. Filipo akajibu kwamba anajua kaka yake anaanza na bega lipi. Wenzake wakacheka, na mwalimu akakubali. Hakuwa na mwingine, na nadhani aliona kwamba ndugu hawezi kumwumiza ndugu. Hata mimi niliona hivyo. Niliona afadhali Manase kuliko wale wengine.

Kipindi cha kwanza kilikuwa hivi: Bweni walifunga manne, lakini hakuna hata goli moja la Manase. Akipata mpira anautoa. Na mara nyingine Filipo alimnyang'anya kabisa, kwa kuwa alijua bega, na watu wa Kinyangiri walishangilia kuliko kama wangekuwa wanaongoza. Manase alikuwa anatabasamu. Mara moja alimgusa kichwa akipita. Mama alikuwa kwenye kundi la wanawake, na nilimwona anajifuta macho kwa kucheka. Sijamwona tena hivyo.

Wakati wa mapumziko Mwalimu Antipasi alimwita Manase pembeni, karibu na mtungi wangu wa maji. Hakupandisha sauti. Alisema, "Manase, sikukuleta shuleni uje ucheze na mdogo wako. Kuna wavulana wanasubiri kitanda chako." Manase akaangalia viatu vyake. Akasema ndiyo, mwalimu.

Kipindi cha pili alikimbia kama sijapata kumwona. Alifunga moja, akafunga la pili, uso wake umefunga kabisa, hamtazami mtu. Kisha akapata mpira mrefu akaja nao katikati, akainamisha bega kulia, na Filipo, ambaye alijua, hakudanganyika. Alijitupa kushoto. Wengine wote wangekwenda kulia wakabaki wazima. Goti la Manase lilimwingia chini ya mbavu, upande ule wa tumbo lililotokeza. Mpira ukaenda golini.

Filipo aliinuka. Alijipangusa vumbi, akamwambia kaka yake neno wakacheka kidogo, akarudi mahali pake. Ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Baada ya muda nikamwona ameshika ubavu, amesimama tu, mpira unampita. Akakaa. Nikaenda. Aliniambia ana kiu. Nikampa maji, akayatapika, na nilipotazama midomo yake ilikuwa imepauka kama majivu.

Mwalimu Gasto alimwita refa asimamishe mchezo. Manase alikuja mbio, akambeba mgongoni mpaka kwenye lori la Bweni. Niseme haki: Mwalimu Antipasi hakusita, yeye ndiye aliyemwambia dereva awashe, twende hospitali ya misheni haraka. Tulipanda nyuma, mimi, Mwalimu Gasto, na Manase akiwa na jezi yake. Mama alibaki akikimbia nyuma ya lori hadi tukamwacha.

Kichwa cha Filipo kilikuwa mapajani kwangu. Alisema anasikia baridi, na jua lilikuwa kali. Manase akavua jezi akamfunika. Kisha Filipo akauliza, "Ni ngapi?"

Manase akamwambia, "Mmerudisha yote. Tumetoka sare."

Filipo akafumba macho kama mtu aliyeridhika. Hatukufika naye akiwa hai. Tulikuwa tunapanda mlima, jua bado liko juu, nikaona ananilemea.

Daktari alimtazama akatueleza polepole. Alisema bandama la mtoto lilikuwa limevimba kwa homa za miaka mingi, na likivimba hivyo linapasuka kwa pigo dogo kama yai. Alisema damu ilimwagika ndani, na hata tungefika mapema hajui kama angeweza kitu. Alisema pia, si kosa la mtu. Manase alisikia maneno hayo. Aliyasikia, lakini sijui kama yalimwingia.

Tulizika siku ya pili. Watu walikuja kutoka vijiji vyote vya mashindano, na watoto wa timu walisimama kwa timu zao bila kuambiwa. Baada ya mazishi Mwalimu Antipasi alikuja mbele ya baba, akavua kofia, akatoa pole za shule, akasema ni kazi ya Mungu. Yote hayo baba aliyapokea. Kisha akaongeza kwa upole ule ule kwamba, wakati ukifika, Manase asikawie kurudi kwa kuwa zimebaki mechi mbili na ile ya mwisho.

Baba alimtazama. Akasema, "Huyu mmoja mlimchukua kwa ugali. Yule wa pili mmemchukua kwa nini?"

Yule mwalimu alivaa kofia yake akaenda.

Wazee wa ukoo walikaa. Walisema si damu ya kudaiwa, ni ajali ya mchezo, na mchungaji akasema hivyo hivyo kanisani. Hakuna mtu kijijini aliyemnyooshea Manase kidole. Usije ukafikiri anakimbia watu. Hakuna wa kumkimbia.

Alirudi Bweni. Baba ndiye aliyemwambia arudi, na hilo ndilo neno la mwisho aliloambiwa na baba uso kwa uso. Mama alishika mkoba wake hataki kuuachia. Manase akasema, mama, niache, hapa nikikaa nakiona kitanda chake.

Baada ya hapo Nduguti walijitoa. Bondeni nao wakajitoa. Mwalimu Gasto alipeleka neno kwamba Kinyangiri haina timu tena. Kila kijiji kilisema chake, lakini maana ilikuwa moja: hatuleti watoto. Kamati ilikuwa imeshamwalika Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kutoa kombe siku ya mwisho, na ikaona aibu kumwambia asije. Basi wakafanya mechi ya mwisho bila mpinzani.

Mimi sikwenda. Mwalimu Gasto alikwenda, ndiye aliyenieleza. Alisema Bweni waliingia wamevaa jezi mpya, wakapanga mstari, wakasalimia. Upande wa pili hakuna mtu, hata kipa. Refa alikuwa na kanuni yake kwamba timu isiyokuja inafungwa goli moja na lazima lifungwe uwanjani. Akapiga filimbi. Mpira uliwekwa miguuni kwa Manase, kwa kuwa ni sentafowadi. Akatakiwa atembee nao tu mpaka kwenye goli tupu.

Alisimama. Refa akapiga filimbi tena. Mwalimu Antipasi akamwita jina kutoka pembeni, mara ya kwanza polepole, mara ya pili si polepole. Manase akakaa chini, pale katikati, akaweka mikono juu ya magoti. Mwishowe mwenzake mmoja alikuja akauchukua mpira akaenda kuusukuma golini. Wanafunzi wa Bweni walipiga makofi, na ilikuwa sauti ya makofi tu, kwani watu wa vijiji walikuwa wachache na walinyamaza. Kombe likatolewa. Mwalimu Gasto alisema hajaona harusi wala msiba uliomchosha namna ile.

Wiki hiyo hiyo Manase aliambiwa afungashe. Waliandika kwamba umri wake umezidi darasa la tano. Ni kweli umezidi, mjomba. Ni wao waliomweka humo mpaka ukazidi.

Sasa yuko nyumbani tangu Agosti. Baba hamtukani wala hampigi. Hamwiti. Akitaka ng'ombe wapelekwe majini ananiambia mimi, "Mwambie yule," hali Manase amesimama pale. Wakati wa kula Manase anachukua chakula chake anakaa upande wa zizi, na baba hamwambii njoo. Nilimwuliza baba siku moja, nikiwa nimepiga magoti, mbona hivi. Akasema, "Nikimtazama naona niliyemtoa mwenyewe. Siwezi, Raheli. Sina chuki naye. Siwezi." Basi hilo nakueleza ili usimhukumu shemeji yako. Na yeye anakonda.

Mwalimu Gasto alijaribu. Alimwita Manase amsaidie kufundisha watoto, si kwa mashindano, kwa kuchezacheza tu baada ya masomo. Manase alikwenda mpaka ukingoni mwa uwanja akarudi. Uwanja wenyewe sasa umeota majani, mbuzi wanalala golini. Kamati haijasema kama mwakani kutakuwa na mashindano, na hakuna anayeuliza.

Kilichotufanya tumlete kwako ni hiki. Wiki iliyopita, mchana, nilikwenda nyuma ya zizi kuchukua kuni. Nikamkuta Manase ameketi, mguu wa kulia ameunyoosha juu ya gogo, ana jiwe mkononi, analiponda goti lake. Hakuwa analia. Alikuwa anapiga kama mtu anayetwanga, kwa mpango. Nilimshika mkono. Hakushindana nami, alilitoa jiwe nikalichukua. Akaniambia, "Dada, goti hili silitaki." Ukimwona anachechemea, ndiyo hiyo sababu, usimwulize tena.

Mama aliposikia hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na sanduku lake, akasema mtoto aende kwa mjomba wake.

Kwa hiyo nakuomba, mjomba, kama vile mama anavyokuomba. Mtafutie kazi yoyote hapo karakana, hata ya kufagia, mradi iwe ya mikono na imchoshe. Mama Rahabu akiweza amwonyeshe kusoma jioni pamoja na Rahabu, bila kumwaibisha. Si mzito wa kuelewa. Na jambo kubwa: najua ninyi watu wa reli mna timu. Wataiona miguu yake siku ya kwanza, hata akichechemea wataiona. Naomba asije mtu nyumbani kwako na maneno mazuri. Mtu akija, mkatalie mlangoni. Lakini Manase mwenyewe akisema anataka kucheza, sitakuomba umkatalie. Filipo asingependa.

Nilipofika hapa nilimwuliza mama kama ana neno lake. Aliacha kupepeta akasema niandike kama anavyosema, nisipambe. Naandika:

"Stefano kaka yangu. Nilizaa wavulana wawili. Mmoja nimemzika na kaburi lake nalipalilia. Huyu wa pili hajafa, usiniletee pole yake. Mlishe, mtume, mgombeze akikosea. Mwite jina lake kila asubuhi."

Basi, mjomba, naona karatasi imekwisha na Manase anasafiri kesho. Atapanda lori mpaka Singida, alale kwa watu wa kanisa, kisha ateremke Manyoni kupanda gari moshi. Nimemfungia michembe na karanga, sehemu ya kwake na sehemu ya Mama Rahabu.

Nisalimie Mama Rahabu sana, na Rahabu mbusu kwa ajili yangu. Shangazi Klara anawasalimu, na bibi Maria, ambaye haoni tena vizuri ila bado anauliza lini reli itarudi ikulete nyumbani. Mwalimu Gasto naye anakuamkia. Mungu aliyetuacha na pumzi awalinde huko mliko, akulegezee kifua, na huyu anayekuja amfungulie mlango kabla hajabisha.

Ni mimi mtoto wa dada yako, nikupendaye hapa na huko,

Raheli

Nimeitoa tena barua kwenye bahasha niongeze hili. Nilikuwa nje sasa hivi naanua nguo za Manase. Baba alikuja akasimama karibu nami, akashika kamba ya nguo. Akaniuliza lori la kesho litasimama wapi, pale dukani au njia panda. Nikamwambia njia panda. Akauliza saa ngapi. Nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa, akarudi zizini.